Nilimfuta Mama Yangu Kwenye Picha, Nikalipwa Laki Tatu

Najua wengi mkiingia hapa mnataka kujua nani kaachana na nani. Leo vumilieni, kisa ni cha kwangu mwenyewe. Ndani yake yumo msanii mmoja mnayemjua vizuri tu, ila jina lake silitaji na msianze kubahatisha, maana yeye hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Kuna picha moja ilizunguka sana mitandaoni baada ya yule msanii kuitumia kwenye kava la wimbo wake. Barabara usiku, giza totoro pembeni, halafu michirizi ya taa inatiririka kutoka mbele ya picha mpaka inapotelea kwenye kona. Myekundu kushoto, myeupe kulia. Hakuna mtu hata mmoja. Watu wakasema Dubai hiyo. Mwingine akasema Johannesburg. Kuna mmoja aliapa kabisa kwamba ni Nairobi, Thika Road, ameshapita hapo mara kibao.

Wa Dubai ningeweza kumuumbua kirahisi. Taa nyekundu ni za nyuma, maana yake gari linakwenda mbele yako linakuacha. Huku kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo nyekundu zinakaa kushoto kwa picha. Dubai wanaendesha kulia, zingekaa kulia. Lakini sikumjibu mtu, na kiukweli nilikuwa nafurahia. Nani anataka kusema ni Segerea?

Maana ni Segerea ile. Ni barabara yetu ya kutoka Tabata, ukiwa umesimama unatazama upande wa kwenda Kinyerezi. Na mtu alikuwepo kwenye picha. Alikuwa bi mkubwa wangu.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mimi hii kitu nilianza na simu, nikiwa nimeiegemeza kwenye tofali, pembeni nimeweka kandambili ili isidondoke. Baadaye nikajichanga nikapata kamera ya mkononi pale Kariakoo, lenzi ina kamkwaruzo kwa pembeni, muuzaji akaniambia haionekani kwenye picha na kweli haionekani. Stendi ya miguu mitatu niliazima kwa jamaa yangu anayepiga picha za harusi. Aliniambia nirudishe Ijumaa. Sijarudisha hadi leo, na najua anasoma hapa. Kaka, naileta.

Kwa ambao hamjawahi kujaribu, mchezo wenyewe uko hivi. Ndani ya kamera kuna kamlango kanaitwa shata, kakifunguka mwanga unaingia. Mchana kanafunguka na kufunga fasta, mfano sekunde moja uigawe mara 200, ndiyo maana gari linaonekana limeganda. Usiku unafanya kinyume chake. Unakaacha wazi sekunde 10, 20, hata 30, kamera imetulia tuli. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa linakata kama mita nane kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde 20 limeshapita zaidi ya mita 160. Bodi lake halikai sehemu moja muda wa kutosha kuonekana. Taa zake zina nguvu, zenyewe zinachora mstari njia nzima.

Mimi naanza na ISO 100, f/11, sekunde 20. Ikiungua napanda f/16, ikiwa giza nashuka f/8. Naweka taima ya sekunde mbili ili kidole changu kisitikise kamera. Basi, hakuna siri nyingine. Iliyobaki ni kusubiri na kupigwa na mbu.

Ukishapiga nyingi unaanza kusoma magari. Bodaboda anaacha uzi mmoja mwembamba unaokwenda zigizaga katikati ya mistari ya wenzake, na ukiuangalia unaelewa kwa nini Muhimbili hawalali. Daladala iliyopambwa taa za bluu na kijani inaacha utepe wa rangi juu. Anayekanyaga breki, wekundu wake unanenepa pale pale. Indiketa haiachi mstari, inaacha nukta nukta za rangi ya chungwa kwa sababu inawaka na kuzima. Na kuna wale bodaboda wanaopita bila taa. Hao kwenye picha hawapo kabisa, wamepita na hakuna ushahidi.

Foleni ndiyo adui. Magari yakisimama hayachori, yanaacha madoa tu. Ndiyo maana wapiga picha wengi wa Dar wanakimbilia kule kwenye mzunguko mzuri. Wanakwenda daraja la Kijazi pale Ubungo, tangu lifunguliwe Februari 2021, kwa sababu barabara zimepandana ngazi tatu. Wanakwenda Mfugale pale TAZARA, au Tanzanite, taa zinapita juu ya bahari. Nilienda na mimi. Nikapata picha nzuri, zinafanana na za kila mtu.

Siku moja nimerudi usiku, nauli imeniishia, nikasema ngoja nijaribu hapa hapa nyumbani. Kuna jengo la frem za maduka karibu na kituo, ghorofa yake ya kwanza ilikuwa haijapangishwa. Mlinzi ni mzee mmoja mstaarabu sana. Nikamwamkia, nikajieleza, akaniuliza maswali kama nakwenda kuoa kwake. Unapiga picha za nini? Za magari. Magari ya nani? Ya yeyote anayepita. Mbona usiku? Nikamwonyesha picha ya Ubungo kwenye simu. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Haya panda, ila upande wa gerezani usiutazame na hicho kitu chako." Nikamwambia mzee, mimi mzaliwa wa hapa, hilo nalijua.

Kutoka pale juu unaona barabara inavyonyooka halafu inakata kona. Na chini kushoto, pale abiria wanaotoka mjini wanaposhukia, unamwona bi mkubwa.

Mama anauza mihogo ya kukaanga na samaki. Kigoda, karai, jiko la mkaa, ndoo ya kachumbari, taa ya kuchaji ameitundika kwenye kijiti. Anakaa pale tangu niko kidato cha kwanza. Ada yangu imetoka kwenye lile karai, na viatu vya shule, na hata chuo, ile hela ya kula mwezi wa mwisho boom lilipokuwa limekata. Lakini chuoni mtu akiniuliza mama anafanya nini, nilikuwa nasema "anafanya biashara." Si uongo. Ila nilikuwa nalisema haraka, halafu nabadilisha mada.

Usiku wa ile picha, ilikuwa kama saa tatu na nusu, katikati ya mwezi, watu hawana hela. Nimetega kamera, umeme ukakatika mtaa mzima. Mwanzoni nilisonya. Halafu nikatazama chini nikaona kilichotokea: taa za madukani zimezima, mabango yamezima, zimebaki taa za magari tu, na kile kijitaa cha mama. Nikabonyeza. Sekunde 20. Magari matatu yalipita kwenda Kinyerezi bila kusimama, mengine yakaja kutokea huko.

Ilipotokea kwenye kioo nilipiga kelele mpaka mzee wa ulinzi akauliza kuna nini. Michirizi ilikuwa imenyooka safi, myekundu kama imepigwa rula. Na kwenye kona ya chini, kwenye duara dogo la mwanga, ameketi mama. Ametulia, ameshika tama, kanga imemwangukia begani. Anaonekana mpaka pini ya kilemba.

Nilishuka mbio nikamwonyesha. Akajifuta mikono, akashika kamera kama anashika mtoto mchanga. "Ee, mimi huyu?" Ndiyo mama. "Mbona nimetoka vizuri hivi?" Akawaita jirani zake wauza matunda waje waone.

Niliiweka stetasi tu, sikuandika ni wapi. Kesho yake ikafika kwa mtu, akampa mtu, jioni nikapokea ujumbe kutoka kwa meneja wa yule msanii. Wanataka kava. Laki tatu. Nilisoma ile namba mara nne.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: "Ila huyo mama na karai lake mtoe, analeta uswahili."

Wadau, nitawaambia ukweli. Sikuhangaika hata kidogo. Sikukasirika, sikufikiria. Nilijibu "Poa bosi, hamna shida" na sidhani kama ilipita dakika moja. Sikumwambia yule ni mama yangu, na wala sikuona sababu ya kumwambia. Nikafungua ile programu ya kufuta vitu, nikapitisha kidole juu yake. Akatoka. Nikapitisha juu ya taa. Ikatoka. Programu yenyewe ikajaza giza pale alipokuwa ameketi, na ikajaza vizuri, huwezi kujua. Kumpiga ilichukua sekunde 20, kumfuta haikufika hata nusu yake.

Muamala ukaingia. Mama nikampa laki moja, nikamwambia kuna kazi nimepata. Akaniombea dua.

Wimbo ukatoka, kava likasambaa, Dubai, Johannesburg, Thika Road, mimi natamba. Wiki ikapita. Jioni moja nimekaa naye pale kibarazani anachambua samaki, akasema bila kuniangalia:

"Baba, nimeiona picha yako. Vijana wa bodaboda wamenionyesha."

"Ehe mama."

"Nzuri. Wanasema imefika mbali."

"Kidogo tu mama."

Akachambua samaki mwingine. "Ila pale ninapokaa mimi pana giza. Wamenitoa, eeh?"

Nikamjibu: "Ndiyo mama. Wamekutoa."

Wamekutoa. Hilo neno lilinilaza macho. Kufuta nilikuwa nimeshafuta, lakini hapo nikawasingizia watu ambao hawakugusa hata kioo cha simu. Mama akaitikia "haya", kama mtu aliyezoea kutolewa.

Usiku ule nikawa natazama video moja ya historia ya picha, natafuta usingizi. Wakaonyesha picha ya Paris ya mwaka 1838, imepigwa na Mfaransa anaitwa Louis Daguerre kutoka dirishani, mtaa wa Boulevard du Temple. Enzi hizo picha moja ilihitaji mwanga kwa dakika kadhaa. Mtaa ule ulikuwa na pilikapilika, magari ya farasi yanapita, watu wanatembea, lakini kwenye picha ni mtupu. Wote walikuwa wanajongea, hakuna aliyeandikwa. Kasoro kule chini kwenye kona kuna mwanaume amesimama anang'arishiwa viatu. Alisimama muda wa kutosha, akabaki, na fundi viatu wake anaonekana kwa mbali. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa duniani kuwa na mtu ndani yake. Jina la yule mtu hakuna anayelijua mpaka leo.

Nikakaa kitandani. Nikaifungua ile picha yangu ya mwanzo, yenye mama, nikaiangalia kwa jicho jingine.

Mtu anayetembea anapotea, anayetulia anabaki. Sawa. Sasa mama yangu alitulia kwa nini? Sekunde 20 nzima hakugeuza muhogo, hakupokea hela, hakufunga samaki kwenye gazeti, hakumwita mtu. Ameshika tama. Mama alitoka vizuri kwa sababu hakuwa na mteja. Na ile michirizi niliyoisifia imenyooka kama rula ilinyooka kwa sababu hakuna daladala iliyokata kushoto kumshushia mtu pale. Kila kilichofanya ile picha iwe kali kilikuwa hasara yake usiku ule. Nilikuwa pale juu nashangilia, na yeye chini anahesabu mihogo iliyobaki.

Nikakumbuka kwamba usiku ule tulikula mihogo. Na asubuhi yake chai tulinywa kwa mihogo. Sikuwa nimeunganisha.

Nilisubiri mwisho wa mwezi. Ikaangukia Jumamosi, tena siku Simba na Yanga wamecheza, watu wanarudi wengine wanaimba wengine wamenuna, lakini wote wana njaa. Nikapanda kwa mzee wangu wa ulinzi na stendi ya watu. ISO 100, f/11, sekunde 20, sehemu ile ile.

Picha ilitoka vurugu tupu. Michirizi myekundu inakatika kila mahali, inapinda kushoto kuelekea kituoni kama mito inayoingia ziwani. Daladala moja ilisimama sekunde kadhaa halafu ikaondoka, bodi lake limebaki nusu nusu, unaona barabara kupitia ubavuni mwake. Nukta za indiketa zimezagaa. Na pale kwa mama pamekuwa kama moshi. Kuna mkono wa mtu unaopokea kitu lakini hauna mwili. Karai linaonekana, taa inaonekana, mama ni ukungu wa rangi ya kanga tu, kulia, kushoto, katikati, kote kote.

Kwa sheria za picha za michirizi, ile ni ya kufuta. Nilienda kuichapisha kwenye karatasi kubwa.

Nikampelekea pale pale kazini kesho yake jioni, wateja hawajaanza. Akaitazama. "Mbona humu ndiyo sionekani kabisa?"

Nikamweleza, kama nilivyowaeleza ninyi. Kamera inaangalia muda mrefu, ukitulia unabaki, ukijongea unapotea. Jana ulikuwa na wateja mama, hukutulia hata sekunde.

Akafikiri. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kujishika kiuno. "Kumbe ile niliyotoka vizuri ni siku mihogo imelala!"

"Ndiyo mama."

"Na mimi nikaenda kuwaonyesha kina mama wote!"

Tukacheka wote. Nikaona nikiacha hapo sitasema tena. Nikamwambia, mama, na ile ya wimbo, siyo wao waliokutoa. Waliniambia nikutoe na mimi nikakutoa. Mimi mwenyewe, na kidole changu.

Akanyamaza. Akageuza muhogo mmoja, akageuza wa pili.

"Walikulipa ngapi kweli?"

"Laki tatu."

"Ulinipa moja."

"Ndiyo mama."

"Haya." Akachochea jiko. "Mkaa unaniishia. Nenda kalete."

Nikaenda kuleta mkaa. Niliporudi alikuwa ameshaibandika ile picha ya ukungu kwenye kijiti cha taa, ameifunga kwa uzi. Bado iko pale, imeshaloa mafuta. Vijana wa bodaboda wanamuuliza yeye yuko wapi hapo, anawaonyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa.

Ile hela nyingine sitawadanganya kwamba nilimrudishia yote siku ile ile. Nilikuwa nimeshaitumia. Namlipa kidogo kidogo, na yeye anaandika kwenye daftari lake la wadaiwa, jina langu liko chini ya fundi cherehani.

Nimemwomba ruhusa, leo ile picha ya kwanza naiweka kwenye ukurasa wangu bila kufuta kitu. Iko na karai, iko na ndoo ya kachumbari, na nimeandika Segerea kwa herufi kubwa. Aliponiruhusu alisema siku nyingine nimwambie mapema, angalau avae kanga nyingine.

Msanii wetu, wimbo wako mkali, sina neno na wewe. Meneja, yule ni mama yangu.

Na wewe unayetaka kujaribu michirizi mtaani kwako, usisubiri mpaka uende Ubungo. Tafuta sehemu ya juu, mwombe ruhusa mlinzi, uweke kamera itulie. Ukimaliza, kabla ya kukuza picha uone taa zimetokaje, angalia kwenye kona zake. Kuna mtu pale amekaa. Jiulize ametulia kwa nini. Halafu shuka ukanunue.

Nipo hapo chini kwenye komenti. Atakayesema Dubai nambloku.